Likizo ya Vituo Vinne: Kutoka Rhonda Hadi Watamu Bila Kulipa Kila Kitu Siku Moja

Watu wengi wa Nakuru wanaijua Pwani kwa njia moja tu: basi la usiku, wikendi ya mbio, picha mbili tatu ufukweni, kisha kurudi Jumatatu na macho mekundu na salio la kununua unga tu. Kuna njia nyingine. Unaenda polepole, unalala njiani, unapumzika kila kituo, na watoto wanarudi wakijua kwamba kati ya Nairobi na bahari kuna nchi nzima.

Shida ya safari ya polepole ni kwamba ina malipo mengi: nauli za matatu, treni, vyumba vitatu tofauti, viingilio, boda na chakula cha kila siku. Kila malipo ni mlango, na kila mlango mwizi anaweza kuingilia. Hela ambayo familia imeiweka mwaka mzima inaweza kutoka kwa dakika moja, kwa mtu anayejiita mwenye nyumba na hana nyumba.

Kwa hiyo makala haya yana kanuni moja, na mengine yote yanaizunguka: acha hela isafiri kama wewe, kituo kwa kituo. Usitangulize pesa mahali ambapo bado hujafika, isipokuwa kiasi ambacho kikipotea safari bado itaendelea.

Ramani kwanza

Tuchukue mfano wa familia ya watu wanne hapa Rhonda. Baba ni fundi, mama ana kibanda cha mboga, watoto wawili wako shule ya msingi. Wana siku kumi za Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Safari yao iko hivi.

Kituo cha kwanza ni Nairobi, usiku mmoja kwa shangazi. Sababu ni treni. Treni ya SGR ya asubuhi ndiyo inayosimama vituo vya katikati kama Mtito Andei na Voi, na ukitaka kuiwahi Syokimau ukitokea Nakuru itabidi utoke nyumbani usiku wa manane. Lala kwa shangazi. Nenda na kilo mbili za sukari na viazi vya Molo, usiende mikono mitupu.

Kituo cha pili ni Wundanyi, kwenye milima ya Taita, usiku mbili. Mnashuka Voi na kupanda matatu inayopitia Mwatate. Watu huipita Voi wakikimbilia bahari, na hapo juu kuna baridi nzuri, mashamba ya ngazi, vijito, na kilele cha Vuria chenye urefu wa zaidi ya mita 2,200. Mtu wa Nakuru hatashtuka na baridi hiyo, lakini beba sweta.

Kituo cha tatu ni Mombasa, usiku mbili. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 na iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Mji wa Kale uko pale pale jirani, na kuutembea hakuna kiingilio. Feri ya Likoni kwa mtu wa miguu ni bure, na kwa mtoto aliyezaliwa Rhonda hiyo peke yake ni safari.

Kituo cha nne ni Watamu, usiku tatu. Hapo kuna bahari, kuna Mida Creek na mikoko yake, na karibu kuna magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17. Gede iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2024. Jueni tu kwamba Agosti ni msimu wa kusi: upepo ni mwingi na bahari huchafuka kuliko wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Kama lengo kuu ni kuogelea na mashua, pangeni Desemba. Kama lengo ni kupumzika bila msongamano, Agosti inafaa sana.

Siku ya tisa mnarudi Mombasa na kupanda treni ya alasiri. Mnalala tena kwa shangazi, na siku ya kumi mko Rhonda.

Hesabu ya mwaka mmoja

Bei tunazotumia hapa ni za mfano, isipokuwa pale tunaposema. Weka zako.

Vyumba: usiku 7 wa kulipia (zile mbili za Nairobi ni kwa shangazi), kwa shilingi 2,500 kila usiku, ni 17,500.

Chakula: siku 10 kwa 1,500 kwa siku kwa familia nzima, ni 15,000. Inatosha kama mnakula mahali wenyeji wanakula: mahamri na mbaazi asubuhi, wali na samaki mchana, viazi karai jioni.

Nauli zote, kwenda na kurudi: 21,000. Ndani yake kuna treni ya kurudi kutoka Mombasa hadi Nairobi. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida imekuwa 1,500 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwa familia hii ni 4,500.

Viingilio na matembezi: 3,500.

Dharura: 5,400. Hii si ya kununua leso na madafu. Ni ya malaria, kiatu kukatika, matatu kuharibika usiku.

Jumla ni 62,400. Ukigawanya kwa wiki 48 unapata 1,300 kwa wiki. Hiyo si hela ndogo kwa familia ya kibanda na ufundi, lakini ni hesabu inayoonekana, na wiki mbaya unaweza kuifidia wiki inayofuata.

Usiiweke hela hii kwenye pochi ile ile unayotumia kununua mboga na kulipa tokeni za stima. Itaondoka shilingi mia mia na hutajua imeenda wapi. Tumia akaunti ya akiba iliyofungwa kwa muda kwenye simu yako, au chama chenye daftari na mweka hazina mnayemwamini. Na jambo moja tusiliseme kwa kuzunguka: kama hela haijatimia, punguza kituo. Usijaze pengo kwa mkopo wa simu au Fuliza, kwa sababu ada za kila siku huendelea kuhesabiwa hata baada ya chumvi ya bahari kukauka mwilini.

Fanyeni mazoezi karibu na nyumbani

Kabla ya kwenda mbali, fanyeni safari ya siku moja hapa hapa Nakuru na mlipie kila kitu kwa simu. Uzio wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru hauko mbali na Rhonda, na bado kuna watu wengi mtaani ambao wanaliona ziwa kila siku na hawajawahi kuingia langoni. Kama hifadhi ni ghali kwenu kwa sasa, kuna Hyrax Hill, pale kando ya barabara ya kwenda Nairobi, ambapo Mary Leakey alichimba mabaki ya kale miaka ya 1930.

Mazoezi haya yana faida ya pili. Viingilio vya hifadhi na makavazi ya taifa hulipwa kupitia eCitizen, na tangu 2023 malipo ya huduma za serikali yameelekezwa kwenye Paybill moja, 222222. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndiyo yanayosimamia Hyrax Hill, Fort Jesus na Gede. Ukishajua kufungua akaunti, kupata nambari ya malipo na kuhifadhi risiti ukiwa Nakuru, hutasimama kwenye lango la Fort Jesus na foleni nyuma yako ukitafuta nenosiri ulilosahau. Wala hutakubali kijana wa langoni anayekuambia, "Nitumie mimi, nitakulipia."

Chumba: lipa usiku wa kwanza tu

Hapa ndipo hela nyingi hupotea, kwa hiyo soma polepole.

Wizi wenyewe huenda hivi. Unaona picha mtandaoni: nyumba nyeupe, bwawa la kuogelea, bahari mbele ya dirisha, na bei ni nusu ya nyumba nyingine. Unaandika. Unajibiwa haraka na kwa adabu sana. Unaambiwa wageni wengine wawili wanaitaka nyumba hiyo hiyo, tuma hela ya kushika chumba sasa hivi. Namba ni ya mtu binafsi, na jina linalotokea si la nyumba wala la mtu unayeongea naye. Ukiuliza, unaambiwa, "Ni laini ya mke wangu." Unatuma. Siku mbili baadaye namba haipatikani, na picha zilikuwa za nyumba ya mtu mwingine kabisa.

Angalia vizuri: mwizi hakuvunja simu yako wala kuiba PIN. Wewe mwenyewe ndiye uliyebonyeza. Ndiyo maana kinga iko kabla ya kubonyeza, na ni mambo matano.

Kwanza, omba simu ya video wakati wa mchana. Mwenye nyumba akuonyeshe lango, chumba na barabara ya nje. Mwenye nyumba kweli hufanya hivyo kwa dakika tatu. Mwizi ana sababu ya kutofanya.

Pili, tafuta mtu wa hapo. Rhonda imejaa watu wenye ndugu kila kaunti. Uliza kanisani, msikitini, kwenye chama: nani ana mtu Watamu au Kilifi? Mwenyeji mmoja akipita na boda kutazama, umeokoa maelfu.

Tatu, omba Till au Paybill, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina la biashara liwe lile mlilokubaliana. Kama ni nyumba ndogo ya mama mmoja na hana Till, si kosa, lakini jina kwenye namba liwe la yule mama unayeongea naye.

Nne, lipa usiku wa kwanza peke yake. Unaobaki utaulipa ukiwa umesimama ndani ya chumba, umefungua bomba na umeona maji. Kwa bei za mfano wetu, hatari yako kwa kila kituo ni 2,500, si 7,500. Ikipotea itauma, lakini hamtarudi nyumbani.

Tano, andika mlichokubaliana. Ujumbe wa WhatsApp unatosha. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Ni yule mgeni wa kutoka Nakuru. Tumekubaliana chumba cha watu wanne, usiku tatu, tarehe 14 hadi 17 Agosti, 2,500 kwa usiku. Leo nalipa usiku wa kwanza, 2,500, na ule mwingine nikifika. Tukishindwa kuja na nikikujulisha siku saba kabla, unanirudishia 2,500. Nijibu 'sawa' ndio nilipe."

Yeye akijibu "Marahaba, sawa mwanangu," hapo una makubaliano yenye tarehe. Ukishalipa, hifadhi meseji ya malipo. Usiifute hadi mrudi Rhonda.

Ada ndogo ndogo ni nauli ya mtu mmoja

Katika siku kumi mtafanya malipo mengi, na njia unayotumia kulipa inabadilisha hesabu. Tutumie viwango vya M-Pesa vya tangu Julai 2023, kwa sababu wengi wanavijua.

Ukitoa kwa wakala kiasi chochote kati ya 101 na 2,500, unakatwa 29. Maana yake ukitoa 500 mara tano, umelipa 145. Ukitoa 2,500 mara moja, umelipa 29. Pesa ni ile ile mkononi, tofauti ni 116.

Ukituma 2,500 kwa namba ya mtu, unakatwa 33. Ukilipa 2,500 kwa Till ya kununua bidhaa, wewe mteja hukatwi kitu. Kwa hiyo ukifika hotelini au dukani, uliza kwanza: "Mna Till?"

Kutuma 100 au chini ya hapo ni bure. Boda ya shilingi mia, mahamri, madafu ya njiani: tuma tu, usitoe pesa kwa ajili ya hizo.

Na bado unahitaji noti mfukoni. Matatu za vijijini, soko la Wundanyi, mzee anayeuza mabungo kando ya barabara: hawa si wote wanapokea kwa simu, na milimani mtandao hukatika. Toa kiasi cha siku mbili kwa mara moja, ukiwa mjini mchana, si kwenye steji saa mbili usiku.

Simu mbili, mifuko miwili

Safari ambayo hela yote iko kwenye simu moja inaweza kuishia kwenye wimbi moja. Gawanyeni. Hela ya kituo mlichopo iwe kwenye simu ya baba, ya kituo kinachofuata iwe kwenye simu ya mama. Ya dharura ibaki kwenye akiba. Simu zote mbili zisiende ufukweni kwa wakati mmoja.

Weka PIN ya laini pia, si ya skrini peke yake. Mwizi akitoa laini yako na kuiweka kwenye simu nyingine, PIN ya laini ndiyo inayomzuia. PIN ya pesa isiwe mwaka wa kuzaliwa, na isiandikwe nyuma ya kitambulisho. Kila mtu mzima akariri namba moja ya simu ya nyumbani kwa kichwa. Siku hizi wengi wetu hatujui hata namba ya mwenzetu.

Mtandao wa data ukipotea, msihangaike na programu. Kwa M-Pesa, *334# hufanya kazi bila bando. Lakini hakuna kodi inayofanya kazi kwenye simu iliyozima, kwa hiyo pawa benki ni mzigo wa lazima.

Ikiharibika njiani

Umetuma kwa namba isiyo sahihi. Usimpigie mtu uliyemtumia na kuanza kubishana. Kwa M-Pesa, peleka meseji yote ya muamala kwa 456 mara moja. Kasi ndiyo muhimu: kama aliyepokea ameshatoa hela, kurudishiwa huwa vigumu.

Umepata meseji kwamba umetumiwa 3,000, kisha mtu anapiga simu analia kwamba alikosea, umrudishie. Angalia salio lako kwanza, usiangalie meseji. Meseji ya uongo huja kutoka kwa namba ya kawaida. Hata kama hela imeingia kweli, usiitume wewe. Mwambie, "Ndugu, omba kurudishiwa kupitia mtandao wako," kisha ukate simu.

Umepigiwa na mtu anayesema ni wa huduma kwa wateja, anataka PIN au tarakimu zilizoingia kwa meseji. Hakuna mfanyakazi wetu, wala wa kampuni yoyote ya pesa kwa simu, anayehitaji PIN yako. Kata.

Simu imeibwa. Tumia ile nyingine, piga kwa mtandao wako na ufunge laini kwanza, polisi baadaye. Dakika kumi za mwanzo ndizo za mwizi au zako.

Umeibiwa na mwenye nyumba wa uongo. Usione haya kusema. Ripoti kwa kampuni ya pesa na kituo cha polisi, ukiwa na meseji ya malipo na mazungumzo yote. Huenda hela isirudi, lakini namba hiyo ikiripotiwa mapema inaweza kufungwa kabla familia nyingine haijatuma.

Ratiba ya malipo, si ya safari tu

Bandika hii jikoni.

Miezi 11 kabla: anza akiba ya kila wiki.

Miezi 2 kabla: nenda Hyrax Hill au ziwani, jaribu eCitizen, hakikisha majina kwenye laini zenu yanalingana na vitambulisho.

Wiki 4 kabla: ongea na wenye vyumba, fanya simu za video, tafuta wenyeji. Usilipe bado.

Wiki 3 kabla: kata tiketi za treni za kwenda na kurudi, kwa jina na nambari ya kitambulisho cha kila mtu mzima. Kama ni Desemba, wahi mapema zaidi, treni hujaa.

Wiki 2 kabla: lipa usiku wa kwanza Wundanyi.

Siku ya kuingia Wundanyi: lipa usiku wa pili hapo, kisha usiku wa kwanza wa Mombasa.

Siku ya kuingia Mombasa: lipa usiku wa pili hapo, kisha usiku wa kwanza wa Watamu.

Siku ya kuingia Watamu: lipa zilizobaki. Angalia kama nauli ya kurudi Nakuru bado iko kwenye simu ya mama, mahali mlipoiacha.

Kila usiku, kabla ya kulala, mtu mmoja asome meseji za malipo za siku hiyo na kuandika jumla kwenye daftari. Mpe kazi hiyo mtoto mkubwa. Atajifunza hesabu, na ataijua bei halisi ya madafu.